Jina Langu Halimo

Kwetu Titye, wilayani Kasulu, watu wakijipanga kulima shamba la mwenzao, mwenye mashoto huwekwa mwisho wa mstari. Si kwa kubaguliwa. Jembe lake linashukia upande ambao jirani haulindi, na mguu ukikatwa shambani hakuna duka la kununua mwingine. Mimi niliwekwa mwisho tangu nilipoweza kuinua jembe. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mcheza gofu wa kulipwa kule Arusha, huko nako wakanipanga mwisho, kwenye kona ya uwanja wa mazoezi, fimbo yangu isije ikampata mtu kichwani. Nilicheka peke yangu siku ile. Kumbe wenye gofu yao na Waha wa Titye wana akili moja.

Gofu sikuzaliwa nayo. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba unalipwa kwa kuupiga mpira mdogo kisha kuufuata kwa miguu, atakuuliza kwa nini usiubebe tu. Nilikulia kwenye maharage na mihogo. Nilipofikisha miaka kumi na saba nilimfuata mjomba wangu, aliyekuwa mkata nyasi kwenye kiwanja kimoja cha gofu, nikawa kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo za wachezaji. Jioni, wakubwa wakishaondoka, makedi tulipiga mipira tuliyookota vichakani, na fimbo zote zilikuwa za watu wa kulia. Mimi niliigeuza fimbo nikapiga kwa kisogo chake. Nilipiga hivyo miaka miwili, mpaka mjane wa daktari mmoja aliyekuwa mashoto akanipa seti ya marehemu mumewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitumia. Nililia mbele yake bila aibu.

Kuna jambo moja wenzangu walinionea wivu. Anayepiga kwa mashoto huweka mkono wa kulia juu kwenye mpini na wa kushoto chini yake, kisha kidole cha mwisho cha kushoto kinaupanda mkono wa kulia ili mikono miwili ifanye kazi kama mmoja. Kidole changu cha mwisho kimepinda, hakinyooki hata nikikivuta. Kilikaa pale kama kulabu, na mshiko wangu haukuteleza hata mvua ikinyesha. Vijana waliniuliza nilijifunza wapi mshiko ule. Niliwajibu kwamba nilifundishwa na baba yangu, nao wakadhani baba alikuwa mcheza gofu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa na miaka saba, likizo ya Desemba, aliamua kunitoa mashoto kabla sijaanza shule. "Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia mama. Alinikunja vidole vya kushoto nikawa nimefumba ngumi, akanifunga kwa kipande cha kanga, akazungushia kamba ya katani. Nikakaa hivyo likizo nzima. Nilikula kwa kulia, nikateka maji kwa kulia, nikaandika irabu kwa kulia, na nikiifungua kamba nilichapwa. Mwezi ulipokwisha mama aliikata kamba mwenyewe, akakuta kidole cha mwisho kimevimba na kugeuka rangi. Hakumgombeza baba. Alimwita tu, akaushika mkono wangu, akamwonyesha.

Januari ile baba alihamishiwa Mabamba, huko Kibondo mpakani na Burundi, akafundisha huko mpaka alipostaafu. Nyumbani alikuja likizo hadi likizo. Kidole kilipona kikiwa kimepinda, na hakuna aliyekizungumzia tena mezani kwetu.

Sasa niseme nilifika wapi na gofu, nisije nikaonekana najidai au najidharau. Nilicheza Nairobi, Kampala na Lusaka. Sikuwahi kushinda shindano kubwa. Mara moja nilikuwa wa pili, baada ya mpira wangu kusimama ukingoni mwa shimo la mwisho na kukataa kuingia, watu wote wakiuangalia. Riziki yangu hasa ilikuwa kufundisha. Mwalimu wa mashoto ana faida yake: mwanafunzi wa kulia anasimama mbele yake, wanatazamana, naye anamwiga kama anayejiona kwenye kioo. Walikuja wengi kwangu kwa sababu hiyo. Kwa kazi hiyo niliezeka nyumba ya Titye kwa bati, nikamsomesha mtoto wa dada.

Ule mwaka niliokuwa wa pili, picha yangu ilitoka gazetini, nimeinua fimbo, mkono wa kushoto unaonekana wazi. Niliikata nikaituma nyumbani. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa na baba baada ya mama kufariki, alinipigia simu kwamba imefika.

"Mzee amesema nini?"

"Ameitazama, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia."

"Lakini amesema nini?"

"Hakusema kitu, mdogo wangu."

Nilichokitaka kwa baba kilikuwa kidogo. Nilitaka aseme, hata mara moja, kwamba alikosea kuufunga mkono ule. Nilikuwa mtu mzima, nina mvi, na bado nilikuwa nakisubiri kitu hicho kama mtoto anayesubiri zawadi ya sikukuu.

Mwaka 2013, mvua za masika zikiwa zinaishia, baba alipata kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa. Nilipofika Kasulu nilimkuta hospitali, mdomo umekwenda upande, na maneno yamempotea. Alibakiwa na "eeh" na "haya" na vipande vya nyimbo za kanisani. Daktari alinieleza kwamba ndiyo yake na hapana yake zinaweza kuchanganyika, tusizitegemee sana. Nikaomba ruhusa ya miezi mitatu kazini, tukamrudisha Titye. Jirani yetu, mkulima aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake na sasa ni raia kama mimi, alituletea kiti cha magurudumu ambacho familia moja ilikiacha ilipokuwa inaondoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila mwaka uliotangulia.

"Gurudumu moja limeregea," alisema, "ariko mzee atakaa neza."

Baba alikaa vizuri, lakini hakula. Dada alimlisha akafunga mdomo. Kulishwa alikataa, na kushika kijiko kwa mkono wa kushoto alikataa zaidi. Alipowekewa kijiko kushoto alikiachia kikaanguka, akatazama ukutani. Alikonda tukimwona. Mimi nilikasirika, siwezi kusema uongo. Mtu aliyenifunga mkono kwa kamba, sasa Mungu amemwachia mkono ule ule, na bado anaukataa!

Nikafanya kama nilivyowafanya wanafunzi wangu. Niliketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, bakuli langu la uji huku na lake kule. Ili yeye aige kwa kushoto, ilinipasa mimi nitumie kulia, na hivyo ndivyo nilivyofanya. Nikachota polepole, nikanyanyua, nikasubiri. Siku ya kwanza alinitazama tu. Siku ya nne mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, ukatetemeka, nusu ya uji ikaishia kifuani. Dada alipiga makofi yale ya kwetu ya kushukuru, ameinama, kama aliyepokea mgeni. Baba alichota tena.

Kutoka kwenye kijiko tulikwenda kwenye kikombe, kutoka kwenye kikombe tukaenda kwenye kalamu. Kalamu aliidai mwenyewe, kwa kuonyesha vidole. Nikamnunulia daftari la mistari mikubwa, la darasa la kwanza. Nilidhani ataandika maneno ambayo ulimi umeshindwa, lakini ilichoandika kalamu yalikuwa majina ya watu, moja chini ya lingine. Daktari alisema inatokea: mwalimu aliyeita majina ya rejesta kila asubuhi kwa miaka yote ile anaweza kupoteza kila kitu akabaki na hayo. Baba aliandika mawili kwa wiki, au matatu afya ikimruhusu, herufi zikipanda na kushuka, jasho likimtoka.

Hayakuwa rejesta nzima, hilo niliona mapema. Juu ya kila kikundi aliandika mwaka, na chini ya mwaka majina mawili au matatu tu. Mwaka wa kwanza ulikuwa ule aliohamia Mabamba.

"Baba, hawa ni nani?"

Aliinua mkono wa kushoto, akautikisa mbele ya macho yangu, kisha akaugonga juu ya daftari.

"Wanafunzi wako wenye mashoto?"

"Eeh. Eeh."

Nikauliza polepole, "Ndio uliowachapa?"

Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Nilishaambiwa nisitegemee hapana yake, nikayategemea machozi. Mzee anatubu, nilijiambia. Anawaorodhesha wote aliowatesa, na mwisho wa orodha atafika kwangu.

Basi nikasubiri. Kila asubuhi nilimwekea meza, nikamchongea penseli, nikamshikia daftari lisikimbie. Sijawahi kumwangalia mtu kwa makini namna ile, hata mchezaji anayenilipa. Ruhusa yangu ilikwisha baba akiwa bado hajamaliza. Meneja wa klabu alinipigia, nami nikapanda kilimani nyuma ya shule ambako simu inashika.

"Mwalimu, mashindano ya mchujo ni mwisho wa mwezi huu," alisema. "Usipocheza huna nafasi kwenye mzunguko wa mwakani. Na wanafunzi wako nimewagawa kwa muda tu. Siwezi kuendelea hivi."

"Niongezee mwezi mmoja. Mzee hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

Nilimwambia baba ni mgonjwa sana. Akanipa pole, akasema atafanya atakavyoweza, na kwa sauti yake nilijua kwamba hataweza. Mchujo ulichezwa bila mimi. Mwezi uliofuata nilipata ujumbe kwamba kazi yangu wamempa kijana mmoja hodari, wa kulia. Fimbo zangu zilikuwa stoo ya Titye, zimeegemea magunia ya maharage. Nilikuwa nazo mle siku zote, na sikuwahi kuzitoa hata siku moja baba akanitazama nikipiga. Nilijiambia nitazitoa akishaandika jina langu.

Mwaka wa mwisho kwenye daftari ulikuwa ule aliostaafu. Aliandika chini yake majina mawili, akapumzika, akanionyesha rula. Nikampa. Kwa tabu kubwa, mimi nikiibana rula na yeye akivuta penseli, alipiga mistari miwili chini ya majina yote, kama mwalimu anavyofunga kazi. Kisha akafunika daftari, akanisogezea.

Nilipekua toka mwanzo. Majina thelathini na moja, na langu halimo.

Yaliyotoka mdomoni mwangu siku ile nayaandika kwa sababu niliyasema. "Nimepoteza kazi kwa ajili ya daftari hili," nilimwambia. "Watoto wa watu umewakumbuka wote. Mimi wa kwako, uliyenifunga kamba kama mbuzi, hata mstari mmoja sistahili?" Baba alifungua mdomo, ikatoka "haya, haya". Akatikisa kichwa tena na tena. Halafu aliunyoosha mkono wake wa kushoto akaupeleka kwenye mkono wangu wa kushoto, akakigusa kidole kile cha mwisho.

Niliuvuta mkono wangu, nikatoka nje.

"Hasira hasara," dada aliniambia jioni, bila kuniangalia. Nilimjibu kwamba hasara nimeshaipata tayari.

Wiki tatu tuliishi hivyo. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimwekea bakuli, lakini sikuketi tena mbele yake. Alikula peke yake, kwa mkono wa kushoto, taratibu, akimwaga kidogo. Asubuhi moja nilikuwa shambani navuna maharage, dada amekwenda kisimani. Aliporudi alimkuta kwenye kiti, kichwa kimelala begani. Kiharusi kilikuwa kimemrudia. Mimi ndiye niliyemnyoosha mikono, na ule wa kushoto ulikuwa bado na uji mkavu kwenye kucha.

Sikurudi Arusha. Watu walidhani ni majonzi, na kweli yalikuwa majonzi, lakini ilikuwa pia aibu ya kurudi kubeba mikoba mahali nilipokuwa naitwa mwalimu. Nililima. Daftari nililitia sandukuni pamoja na Biblia yake, na kwa karibu miaka miwili sikuligusa. Kilichonitoa ni dada. Mwaka 2015 alinikalia kooni: mzee ameacha orodha ya watu aliowakosea, na mtoto wa kiume anaikalia. Kama sisamehi mimi, basi niwape wengine nafasi ya kusamehe.

Nikaenda Kibondo, kutoka hapo nikachukua pikipiki hadi Mabamba. Barabarani tulipishana na watu waliokuwa wanakimbia vurugu ng'ambo ya mpaka, magodoro kichwani, watoto wameshikana mikono. Nilipouliza jina la kwanza kwenye daftari, la mwaka ule wa kwanza, sikuzungushwa sana. Nilielekezwa kwa fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na kanisa. Nilimkuta mwanamke wa rika langu akikata kitambaa cha sare za shule, makasi ameyashika kwa kushoto.

"Mwakeye," nilimsalimu.

"Twakeye. Karibu, kaka."

Nilijitambulisha kuwa mtoto wa mwalimu fulani. Akaweka makasi chini, akanisalimu upya kwa makofi, safari hii ameinama. Nikampa habari za kifo. Alijifuta macho kwa ncha ya kile kitambaa. Nikatoa daftari, nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba baba aliandika majina yao wote kabla hajafa, na mimi nimekuja kuomba radhi kwa niaba yake, kwa viboko alivyowachapa kwa sababu ya mashoto.

"Viboko?" aliuliza. "Nani alinichapa?"

"Mwalimu. Baba yangu."

"Oya, oya, hapana. Mwalimu yule? Wapi!" Alilichukua daftari, akaanza kusoma kwa kidole, akitaja majina kwa sauti, akiniambia huyu yuko Kasulu, huyu amekufa, huyu ni mwashi hapo chini. "Hawa wote mashoto, ego, ndiyo. Wote wake. Mtoto wa mashoto akisumbuliwa darasa lingine, alikuwa anamwomba aje kwake. Wazazi walimsema, walimu wenzie walimcheka. Kwa kuchelewa alituchapa, hilo sikufichi, alituchapa sana. Kwa mkono, hata siku moja."

Akaendelea mwenyewe.

"Mimi ndiye wa kwanza. Alikuwa mgeni hapa, hata mwezi hajamaliza. Akaja kwenye dawati langu na fimbo. Nikaficha mkono chini. Akasema toa. Nikautoa, nikajua leo nimekwisha. Akaushika, akavipitia vidole kimoja kimoja, akafika hiki cha mwisho akakishika, hakiachii. Mara akatoka nje. Aliporudi macho mekundu. Akaniambia, hamia mwisho wa dawati, huku kushoto, ili usimgonge mwenzio. Kama tunavyojipanga shambani. Halafu akaambia darasa lote: asimcheke mtu. Yuko mmoja nyumbani nilimharibu mkono, inatosha."

Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, mtu mzima, wateja wakipita. Baba alikuwa amenijibu. Siku ile nilipomuuliza kama ndio aliowachapa, hapana yake ilikuwa hapana ya kweli. Kwa mikono miwili, mmoja umekufa na mwingine unajifunza, alikuwa ameniandikia watoto wote aliowaacha walivyo kwa ajili yangu, na jina langu lisingeweza kukaa humo, kwa maana mimi peke yangu ndiye niliyefungwa mkono. Majuto ni mjukuu, tunasema, huja baadaye. Wangu alinikuta Mabamba, sina wa kumwambia.

Yule fundi alisubiri nimalize. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Lete nione," alisema.

Nikampa. Alivipitia vidole vyangu kimoja kimoja mpaka akafika kwenye kile kilichopinda, akakizungusha kidogo, akanitazama usoni.

"Kumbe ni weye."

Akakishika, hakukiachia, na safari hii sikuuvuta mkono.